Jiokoini si pesa, na keshi hii si ile keshi

Nimesikia tena jana. Nimekaa zangu barazani baada ya alasiri, vijana wawili wanapita wanabishana, mmoja anamwambia mwenzake ati jiokoini ni kama bitikoini tu ila hii unaishika mkononi. Wiki mbili nyuma mwenye duka la vinyago pale njia kuu aliniambia ni "keshi ya Wazungu ya kufichwa". Na kabla ya hapo mtoto wa kakangu, kijana wangu ninayempenda kabisa, alibeba moja akaipeleka kwa sonara aiuze. Basi leo naandika, ili siku nyingine nikiulizwa niwatumie hii, maana kueleza upya kila baraza nimechoka.

Maana yenyewe ni fupi. Jiokoini (kwa Kiingereza geocoin) ni kidude cha chuma mfano wa sarafu, kimechongwa namba yake pekee, kinasafiri mkono kwa mkono na kopo kwa kopo ndani ya mchezo wa jiokeshi, na kila kinapofikia mtu anaingiza ile namba mtandaoni anaandika amekipata wapi na anakipeleka wapi. Jiokeshi (geocaching) nayo ni mchezo wa kutafuta vikopo vilivyofichwa kwa kufuata jipiesi ya simu, yaani GPS, ile inayokuonyesha uko wapi. Basi. Hapo maana imeisha. Kazi iko kwa majina, maana kila jina la kitu hiki linampoteza mtu.

Tuanze na keshi, hapo ndo penye mzizi wa fitina. Kiingereza kina maneno mawili yanatamkwa sawasawa kabisa, moja linaandikwa cash na jingine cache, ukifunga macho huwezi kuyatofautisha hata ungekuwa umezaliwa London. La kwanza ni pesa taslimu, na asili yake wanasema ni sanduku, lile la Kifaransa caisse, sanduku la kuwekea pesa, halafu jina la sanduku likahamia kwa kilichomo ndani. La pili limetoka kwa cacher, hiyo nayo Kifaransa, maana yake kuficha tu, na wawindaji wa manyoya kule Amerika Kaskazini ndo walilitumia sana, walikuwa wakificha chakula na vyombo mahali ili wasibebe mzigo wote njia nzima wakirudi wavikute. Sasa sisi tulilichukua la kwanza zamani, "sitaki kutumiwa kwa simu, nipe keshi mkononi", hilo kila mtu analijua hadi wenye punda. La pili lilipokuja na huu mchezo likakuta kiti kimeshakaliwa. Mtu akisikia jiokeshi anasikia pesa, na simlaumu, sikio lake halijakosea, ni lugha mbili zimekutana vibaya. Lakini keshi hii ni maficho. Hakuna pesa inayohusika.

Na mchezo wenyewe umeanza juzi juzi tu. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilizima ule uharibifu iliokuwa inautia makusudi kwenye mawimbi ya jipiesi ya raia, kabla ya hapo kifaa chako kingeweza kukukosea hata mita mia, ghafla kikawa kinakufikisha karibu kabisa na kitu chenyewe. Kesho yake tu, tarehe 3, mtu mmoja anaitwa Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, ndani ameweka vikorokoro na kopo la maharagwe, halafu akatangaza iko wapi. Sharti lake: chukua kitu, acha kitu, andika daftarini. Mwisho wa mwezi huohuo Matt Stum akapendekeza jina la jiokeshi, na likashika. Ile "chukua kitu, acha kitu" iweke akilini, nitairudia, ndo imewapoteza wengi.

Haya, koini. Hili neno nalipenda, nivumilieni kidogo. Koini ya Kiingereza nayo imetoka Kifaransa, na huko mwanzo halikuwa jina la pesa wala la kile kiduara. Asili yake kwa Kilatini ni kabari. Naam, kabari hii hii ya kupasulia gogo. Kile chuma cha kupigia chapa kilikuwa na umbo la kabari, ukiweka bamba la fedha chini unakita kwa nyundo juu, picha inatoka, basi jina la chombo likahamia kwa kilichochapwa. Kwa hiyo ukifuata asili, koini ni kitu kilichopigwa chapa, iwe inanunua mkate au hainunui. Kwa maana hiyo jiokoini ni koini halali kabisa, haijadanganya mtu.

Tatizo linakuja tukitafsiri kwa sarafu, maana kwetu sarafu lazima inunue kitu. Lakini hebu tazama hata hiyo sarafu imetoka wapi. Ni Kiarabu, mzizi mmoja na sarrafu, yule mbadilishaji wa pesa, na ndani ya mzizi huo kuna kugeuza, kuelekeza kwingine, kutoa kitu kwako kiende kwa mwingine. Humo humo ndo tumetoa sarufi, maana neno nalo linageuzwa umbo, na ndo tumetoa masurufu, zile pesa na chakula unachompa mtu anayesafiri. Unaona? Mimi nikiulizwa nasema jiokoini iko karibu na mzizi wa sarafu kuliko hata shilingi yenyewe, maana shilingi yaweza kulala kibubuni miaka, lakini jiokoini ikilala imeshindwa kazi yake, yenyewe imezaliwa itoke kwako iende kwa mwingine.

Sasa ile habari ya sonara. Mtoto wa kakangu anafanya kazi kwenye jahazi la kupeleka wageni Manda na Takwa, hapa kwetu Lamu, mgeni mmoja mama wa makamo alimkabidhi koini siku ya kuondoka, akamwambia maneno mawili matatu kwa haraka boti inaondoka, kijana akashika moja tu, "koini". Nzuri mno, sikatai. Kubwa kuliko ya bobu ishirini karibu mara moja na nusu, nzito, upande mmoja kasa amechorwa na rangi ya kijani iliyomiminwa ndani ya mistari hadi magamba yake unayahisi kwa kucha, upande wa pili dira, na pembeni kwenye ukingo herufi na namba sita ndogo ndogo, lazima uzungushe juani ndo uzisome. Sonara akaipima kwenye mizani, akaisugua kidogo kwenye jiwe lake, akaangalia ile alama, akamrudishia. "Mwanangu, hii si fedha."

Na maneno yale yalikuwa kweli mara mbili, maana kwetu fedha ndo madini na fedha ndo pesa, mzee alikuwa anasema madini tu lakini kajibu yote mawili. Ni zinki imechovywa ionekane ya kizamani. Kijana akaja kwangu amenuna, "Ami, yule mama kanidanganya." Nikamwambia hajakudanganya, kakuamini, na hayo ni mambo mawili mbali kabisa.

Jinsi zinavyotengenezwa nipite haraka. Mtu anachora mchoro wake, ananunua zile namba za kufuatilia kwa wenye mtandao wa mchezo kule Seattle, mchoro unakwenda kiwandani unachongwa kwenye kalibu ya chuma, zinki inamiminwa au shaba inapigwa chapa, halafu inachovywa nikeli au shaba au rangi ya kizee, halafu enameli, ile rangi inayomiminwa ndani ya mistari. Enameli iko ya aina mbili, ile laini inabaki chini ya mistari ukipitisha kidole unaona mabonde, na ile ngumu inasagwa mpaka ikawa sawa na chuma, laini kama kigae. Mwisho kila moja inachongwa namba yake. Wa kwanza kutengeneza ya kwake ni Jon Stanley, kwenye mchezo anajulikana kama Moun10Bike, mwaka 2001, na wengi wanaona zimefanana na zile koini za vikosi vya jeshi la Marekani ambazo askari wanapeana kama alama ya udugu. Mwaka huo huo 2001 Unesco waliuandika mji wetu wa Lamu kwenye urithi wa dunia, haihusiani, lakini napenda kukumbuka.

Kuna biashara? Ipo. Na hapa ndo vijana wa bitikoini wananikatiza, "si umesema si pesa." Skafu inauzwa, na skafu si pesa. Wapo wanaounda wakauza, wapo wanaokusanya, mimi mwenyewe ninazo saba kwenye albamu yenye vijaluba vya plastiki. Jambo la kujua ukinunua ni hili, koini mpya inakuja na siri mbili. Moja ni ile namba iliyochongwa, nyingine ni namba ya kuamsha, ambayo haiko juu ya koini. Ukiiamsha inaandikwa kwa jina lako, na ikishaamshwa hairudi kulala tena, ndo maana wakusanyaji wengi huziacha hazijaamshwa, na moja ya toleo dogo ambayo haijaamshwa ndo wanayoitafuta hao. Sasa mtu akikuletea koini yenye historia ya safari, imeshaandikwa Ujerumani, imeandikwa Afrika Kusini, halafu anakuuzia, jua hana cha kuuza, isipokuwa mwenyewe awe ni yeye. Koini hiyo ina mwenyewe, jina lake liko pale pale mtandaoni ukiingiza namba.

Na hapa ndo penye lile linaloniuma hasa, kuliko hata keshi. Watu wanasema "nimeshinda koini", "nimeokota koini", "nimepata hazina". Zote tatu si sawa, na makosa yametoka kwa ile chukua kitu acha kitu ya Ulmer. Ndani ya kopo la jiokeshi mna vitu vya kubadilishana, kishaufu, mpira wa watoto, bangili, hivyo ni vyako ukiweka chako chenye thamani kama hiyo. Lakini koini yenye namba haiko kwenye hesabu hiyo. Huilipii kwa kuweka kitu, na ukiichukua hujawa mwenyewe. Mwenyewe yuko kwao, ameipa safari, mwingine anataka ifike kila bara, mwingine anataka ione bahari tu, na wewe umeingia kama nahodha wa kipande kimoja. Ukiona huwezi kuisogeza, iache palepale uandike tu kwamba umeiona, hilo nalo lina sehemu yake mtandaoni na ni heshima tosha.

Kiswahili tunalo neno la hali hii na halihitaji kuazimwa kokote, tunasema amana. Mtu wa hapa hahitaji kufundishwa amana ni nini, mtu akikuachia ufunguo wa nyumba yake anakwenda hija, hukushinda nyumba. Ukisema "nina amana ya koini" umeeleza mchezo mzima, hata bibi yangu angeelewa bila kujua jipiesi.

Huwa nafikiria ile sarafu ya Kichina waliyoifukua Manda, habari zake zilitoka 2013, ya enzi za mfalme Yongle aliyetawala 1403 hadi 1424, ya mviringo na tundu la mraba katikati. Hebu waza mikono iliyoshika ile mpaka ikafika hapa ng'ambo ya mlango wetu. Mabaharia, wachuuzi, labda mtoto mmoja aliichezea mchangani, na hakuna hata jina moja lililobaki. Jiokoini ya shilingi chache za zinki ina majina yote, tarehe zote, na picha. Hilo kwangu ni jambo kubwa, na ndo maana inaniuma mtu akiitazama akaona dola.

Nilipoingiza namba ya kasa yule pamoja na kijana tukasoma, mwenyewe alitaka kasa apite Bahari ya Hindi aendelee kusini. Kijana alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Malindi ni kusini, au vipi ami?" Nikamwambia ndiyo. Ijumaa hii anakwenda na basi, ameshaahidi atamkabidhi mtu anayecheza kule.

Kwa hiyo mwanangu, najua utasoma hii. Ukifika usiseme umeishinda wala umeiokota, sema umeipokea, wataelewa. Na ile picha uliyoweka kwenye status, ya ukingo ule wenye namba, itoe kwanza, maana yeyote akiziona zile herufi sita anaweza kuandika kwamba aliishika na yuko kwake amelala. Piga nyingine upande wa kasa, na ukingo ufunike kwa kidole gumba.