"Ujuzi huleta majivuno": basi tuisome sura hadi mwisho

Jumamosi iliyopita baraza la wazee la usharika wetu lilikuwa na ajenda saba, na ya sita ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeomba Jumanne jioni, kwa muda wa saa moja na nusu tu, nifundishe Waraka kwa Warumi kwa yeyote atakayekuja. Sikuomba fedha. Niliomba ufunguo wa chumba cha shule ya Jumapili na ruhusa ya kuwasha taa. Mzee mmoja akasimama, mtu mwema kabisa, aliyepanda juu ya paa langu kunisaidia kuezeka, akasema: "Mwalimu, sisi Bwana tunampenda, inatosha. Paulo mwenyewe amesema, ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga." Amina zikasikika. Tukaingia ajenda ya saba, ununuzi wa spika.

Spika zilipita bila swali hata moja.

Nimewafundisha wainjilisti Agano Jipya kwa miaka 22, na sijui nusu hiyo ya mstari nimetupiwa mara ngapi. Kwenye semina, kwenye jumuiya za nyumba kwa nyumba, hata msibani. Wanaoitumia si wavivu wala wabaya. Wanaamini kweli kwamba moyo una nafasi moja tu, akiingia Mungu wa vitabuni, Mungu wa upendo anatoka. Kwa hiyo leo nitasema yote.

Mstari ule umetoka 1 Wakorintho 8, habari ya nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu pale Korintho. Mnaijua, sitaikawiza. Walikuwako ndugu waliojua kwamba sanamu si kitu na Mungu ni mmoja, wakahitimisha kwamba nyama ni nyama, hata ikiliwa ndani ya hekalu la sanamu (8:10). Hapo Paulo hapigi mfano. Kwenye hekalu la Asklepio pale Korintho wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vyumba vya kulia chakula. Walikuwako pia ndugu walioacha ibada hizo juzi tu, na kwao sahani ile ilikuwa bado ya sanamu. Aliyekulia kwenye ukoo wa matambiko, akaokoka, kisha akaandaliwa nyama ya mbuzi wa tambiko na mjomba anayemheshimu, hahitaji kuelekezwa na mwalimu yeyote maana ya sura ile.

Sasa, mstari wa 1 unaposema "twajua ya kuwa sisi sote tuna ujuzi," ni maneno ya nani? Hati za Kigiriki za wakati ule hazikuwa na alama za kunukuu. Lakini mistari sita baadaye Paulo anaandika, "Bali si watu wote wenye ujuzi huu." Ama alijipinga kabla wino haujakauka, ama mwanzoni alikuwa anarudisha kauli waliyojivunia wenyewe. Mimi niko na wafasiri wengi: anawanukuu. Majivuno anayoyasema ni ya kundi fulani lililokuwa na hoja moja sahihi mkononi, likaishika kama fimbo.

Na tazameni anavyowatibu. Angekuwa mzee wetu wa baraza, angesema acheni mambo ya ujuzi, pendaneni tu. Paulo anawaongezea. Mstari wa 4 hadi wa 6 anachukua ungamo la Israeli, lile la Kumbukumbu la Torati 6:4 kwamba Bwana ni mmoja, anamweka Yesu ndani yake: Mungu mmoja, Baba, na Bwana mmoja, Yesu Kristo. Hiyo ni teolojia nzito kuliko yote niliyokusudia kufundisha Jumanne! Kisha katika mstari wa 11 anamtaja yule dhaifu kuwa "ndugu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake." Wale wenye ujuzi walijua thamani ya sanamu, yaani sifuri, wakakosea thamani ya mtu aliyeketi meza ya pili. Kosa lao lilikuwa la kutojua. Walijua habari za miungu, na msalaba hawakuwa wameujua hadi mahali pa kumwona mtu mwingine kupitia huo.

Sehemu ya lawama naiweka kwa watafsiri wetu, japo nawapenda. Biblia ya Union ya mwaka 1952 ni Kiswahili kitamu ambacho hatutakipata tena, lakini neno moja la Kigiriki imelivika mashati matatu. *Gnosis* ni "ujuzi" katika 1 Wakorintho 8, ni "maarifa" katika sura ya 13, na ni "ufahamu" katika Waefeso 3:19. Ndugu yake *epignosis* ni "maarifa" katika Wakolosai 1:9, ni "fahamu" katika Warumi 1:28, na katika Wafilipi 1:9 amekuwa "hekima." Huo mstari wa Wafilipi ndio ungefunga mjadala wote. Paulo anaomba "pendo lenu lizidi kuwa jingi sana, katika hekima na ufahamu wote." Msomaji wa Kiswahili hana njia ya kuona kwamba "hekima" hii ni ya ukoo mmoja na "ujuzi" ule wa majivuno. Lau angeona, angeuliza swali lililo sahihi: inakuwaje mtu yuleyule aseme ujuzi huvimbisha, kisha apige magoti aombe upendo ukue ndani ya ujuzi?

Hapa nawasikia wahubiri wa redioni wakikohoa. Jibu wanalo: *gnosis* ni ujuzi wa kichwani, *epignosis* ni ule wa ndani uliofunuliwa na Roho. Mmoja nilimsikia kwa masikio yangu: "*Epi*, wapendwa, maana yake *juu*! Huu ni ujuzi wa kutoka juu!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilizima redio na chai yangu ikapoa.

Neno halipatikani kwa kujumlisha vipande vyake. Mwanasheria si mtoto wa sheria. Mwanamaji hakuzaliwa na maji. Ukitaka kujua *epignosis* ni nini, tazama inavyotumika. Warumi 3:20 inasema kutambua dhambi huja kwa njia ya sheria, na neno ni hilohilo, likiletwa na sheria. Upande wa pili, katika waraka uleule wa Wafilipi, 3:8, Paulo anahesabu mambo yote kuwa hasara kwa ajili ya uzuri usio na kiasi wa kumjua Kristo Yesu, na hapo ameandika *gnosis* tu, ile ya kawaida, inayodaiwa kuwa ya kichwani. Lililo la thamani kuliko yote maishani mwake amelipatia lile neno "duni." Kwa hiyo mpaka huo mnaochora kati ya ujuzi mkavu na ujuzi mnyevu haupo kwenye maneno. Upo kwenye anayejulikana na kwenye tulivyo mbele zake.

Niseme haki: 1 Wakorintho 13:12 inanisumbua. Pale Paulo anatoka neno fupi kwenda refu ndani ya sentensi moja, na Union wameandika "nitajua sana." Inaelekea *epi* pale inaongeza nguvu. Wanafunzi wangu wakinibana kwa mstari huo huwa nasema tutaurudia. Mara nyingi hatuurudii.

Tuache sarufi. Kwa nini upendo uhitaji kujua? Waswahili tunasema asiyekujua hakuthamini, na tunalisema kwa uchungu kila tunapodharauliwa, ila tukifika kanisani tunalisahau. Wafilipi 1:10 inaendelea: "mpate kuyakubali yaliyo mema." Kitenzi kile cha Kigiriki ni cha mtu anayepima kama sarafu ni ya kweli. Upendo anaouomba Paulo una macho, unajua hili ndilo na lile silo.

Nilijifunza hili kwa gharama ya mtu mwingine. Mwaka wangu wa pili kazini alinijia mama mmoja jicho limevimba. Nilikuwa kijana, nilimpenda kama mama yangu, na usiku ule nilifunga kwa ajili yake. Nilimfungulia 1 Wakorintho 13:7, upendo "huvumilia yote," tukaomba, nikamsindikiza hadi kwa mumewe. Alirudi baada ya miezi minne, mkono una hogo la plasta. Sikumwambia neno. Yeye ndiye aliyesema, "Nimevumilia, mwinjilisti."

Upendo haukunipungukia. Nilipungukiwa na mstari wa 6, unaosema upendo "haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli." Na nyuma ya mstari ule nilipungukiwa na Mungu mwenyewe. Nilikuwa namjua Mungu anayependa ndoa. Sikuwa namjua vya kutosha yule wa Kutoka 3:7, aliyeyaona mateso, akasikia kilio kwa sababu ya wasimamizi, akasema, "maana nayajua maumivu yao." Nayajua! Kitenzi cha Kiebrania ni *yada*, kilekile cha Adamu kumjua Hawa, na mzizi wake ndio wa Hosea 4:6, watu wangu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa. Huyo Mungu ningemjua mapema, siku ile ya jicho ningekwenda na mama yule polisi kuchukua PF3, fomu ya kutibiwa, ndipo tuombe tukiwa njiani. Yeremia 22:16 inasema hivyohivyo kuhusu mfalme Yosia: alimtetea maskini na mhitaji, na Bwana akauliza, si huko ndiko kunijua?

Mtu akisema upendo unatosha, namkumbuka mama yule. Warumi 10:2 (ya Jumanne, kama ningepewa ufunguo) inawashuhudia watu kwamba wana juhudi kwa ajili ya Mungu, "lakini si katika maarifa."

Kabla hamjaniletea bibi. Kila mara analetwa bibi. "Mwalimu, bibi yangu hakujua hata kusoma, lakini alipenda watu kuliko wachungaji wote." Naamini. Ila nani amekuambia hakujua? Bibi huyo alikuwa na Katekisimu Ndogo ya Luther kichwani, ya mwaka 1529, yote, kwa moyo. Alijua kwamba amri ya kutomshuhudia jirani uongo inadai pia umtetee, umseme vizuri, na kila jambo lake ulipokee kwa maana iliyo njema. Ndiyo maana mkwe wake alipokuja umbea ulizimika pale mlangoni. Alikosa kalamu. Kumjua Mungu hakukosa, alikuwa nako miaka sitini. Sisi wenye simu tumesikiliza kwaya mia na hatuwezi kutaja amri ya nane.

Na jinsi kujua kunavyowasha upendo haina fumbo kubwa. Simoni Farisayo wa Luka 7 alijua sheria, akapewa hesabu ya wadeni wawili, wa dinari 500 na wa dinari 50, akaipata sawasawa. Asichokijua ni kwamba naye yumo kwenye daftari. Yesu, mwanamke mwenye dhambi akiwa analia miguuni pake, anamuuliza, "Wamwona mwanamke huyu?" Alikuwa hajamwona. Ukijua ulichosamehewa, na ni nani amesamehe, na kwa bei gani, jirani yako anabadilika sura. "Sisi twapenda kwa maana yeye alitupenda sisi kwanza." Ndiyo maana Waefeso 3:19 inataka tuujue upendo wa Kristo unaopita kujua. Kila unapodhani umefika chini, kuna kina tena.

Ningeishia hapo, mngesema mwalimu ameshinda. Lakini kuna Yona.

Yona 4:2 ananinyima usingizi. Anamwambia Mungu, nalijua ya kuwa wewe u Mungu mwenye neema, umejaa huruma. Anakariri Kutoka 34:6 karibu neno kwa neno. Teolojia yake haina kasoro, na ndiyo inayomkasirisha. Amemjua Mungu barabara, na bado anaketi nje ya mji kusubiri watu zaidi ya 120,000 waungue. Yakobo naye anasema mashetani wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba mkijaza kichwa moyo utafuata kama mkokoteni nyuma ya punda. Nimewaona wenye shahada wasioamkia wapishi wa chuo. Kwa masomo mawili matatu, nami nimekuwa mmoja wao.

Tena 1 Yohana 4:7 inaligeuza gari zima: kila apendaye anamjua Mungu. Kipi basi kinatangulia? Nimeandika mitihani juu ya swali hilo na sina jibu la kuweka kwenye mwongozo wa kusahihishia. Mara naona ni duara, unajua kidogo, unapenda kidogo, kupenda kunakufumbua macho ujue zaidi. Mara naona duara ni jina tunalolipa jambo lililotushinda.

Paulo mwenyewe, baada ya ile nusu ya mstari inayopendwa sana, anaandika maneno ambayo hakuna aliyewahi kunitupia: "Lakini mtu akimpenda Mungu, huyo amejulikana naye." Ungetegemea aseme "huyo ndiye anayemjua." Ameligeuza. Na kuna hati ya mafunjo iitwayo P46, ya takribani mwaka 200, mojawapo ya nakala za kale kabisa za nyaraka hizi, ambamo neno "Mungu" halipo katika mstari huo, wala "naye." Inasomeka tu: mtu akipenda, huyo amejulikana. Akipenda nani? Nyama ikiwa mezani na ndugu dhaifu akiwa mlangoni, ningesema ndiye huyo. Wasomi wengi wanashika usomaji mrefu, na tafsiri yetu pia. Mimi Jumatatu nashika mrefu, Jumanne nashika mfupi.

Jumanne hii tutaanzia hapo, barazani kwangu, saa kumi na moja. Taa ninayo. Mzee wa baraza nimemwalika, amesema atakuja kama spika zitakuwa zimeshafungwa.