Folda Moja, Milango Miwili: Kushirikiana Faili Nyumbani kwa Linux

Kompyuta moja yenye Linux yatosha kuwa ghala la picha na hati za nyumba nzima, bila flashi kuzungushwa mkono kwa mkono. Programu ya kazi hiyo ni Samba, aliyoanza kuiandika Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1991. Hutumia itifaki (kanuni za mawasiliano) ya SMB, ileile ambayo Windows hutumia kushirikiana faili.

Kwenye Debian au Ubuntu, sakinisha kwa sudo apt install samba, tengeneza folda /srv/familia, kisha mwishoni mwa /etc/samba/smb.conf andika:

[familia]
path = /srv/familia
valid users = asha
read only = no

Amri ya testparm itakuonyesha ulipokosea kuandika. Ukiridhika, washa upya huduma: sudo systemctl restart smbd.

Hapa ndipo wengi wanaotufikia kwenye dawati la msaada huwa wamekwama. Tuseme Asha, mtumiaji tuliyemwandika hapo juu, anaingiza nywila anayofungulia kompyuta kila siku, anakataliwa. Huo ni mlango wa kwanza. Sababu ni kwamba Samba hutunza nywila zake pembeni; lazima umsajili kwa sudo smbpasswd -a asha, naye awe tayari ni mtumiaji wa Linux. Basi anaingia, anaziona faili, lakini akijaribu kuhifadhi picha anakataliwa tena. Huo ni mlango wa pili. Andika ls -ld /srv/familia. Ukiona drwxr-xr-x root root, maana yake anayeruhusiwa kuandika humo ni root (msimamizi mkuu wa mfumo) peke yake, na kwa mpangilio huu Samba haimpi Asha ruhusa ambayo Linux imemnyima. Dawa ni sudo chown asha /srv/familia.

Mtu aliyechoka hushauriwa apige chmod 777, na kweli mambo hufunguka. Nawasihi msifanye hivyo. Amri hiyo humruhusu kila mtumiaji, na kila programu inayoendeshwa kwenye kompyuta hiyo, kuandika na kufuta humo, na picha za watoto zikifutwa bila nakala hazirudi. Kama watumiaji ni kadhaa, waundie kundi lao na ulipe kundi hilo ruhusa.

Ikiwa unatumia ufw, programu ya ukuta wa moto (firewall), ruhusu mtandao wa nyumbani tu: sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba, ukibadilisha namba zilingane na za ruta yako.

Kwenye ruta usifungue kamwe pota 445, ambayo SMB hupitia, kwa intaneti. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilienea duniani kwa kupitia udhaifu wa SMB1, toleo la kale la SMB, kwenye Windows, ikafunga faili za watu na kudai malipo. Tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019, Samba huja SMB1 ikiwa imezimwa. Kifaa cha zamani kikigoma kuunganishwa kwa sababu hiyo, usiiwashe SMB1 kwa ajili yake. Kipelekee faili kwa njia nyingine. Na ukihitaji faili zako ukiwa safarini, pitia VPN (njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali) kama WireGuard, ili Samba ibaki ndani ya nyumba.