Alama 1500 za mwanzo si kipimo cha uwezo wako

Wengi huamini kwamba mchezaji mpya wa sataranji mtandaoni akianza na alama 1500, mfumo umeshampima, na zikiporomoka baada ya kushindwa mara mbili tatu, ameadhibiwa. Kumbe mfumo bado haumjui. Katika Glicko, mfumo wa kukokotoa alama za wachezaji, 1500 huambatana na namba ya pili, kiasi cha shaka, ambayo mwanzoni ni 350. Shaka ikiwa kubwa, mchezo mmoja husogeza alama nyingi, juu au chini. Kadiri unavyocheza, inapungua. Fungua historia ya michezo yako ulinganishe mabadiliko ya mwanzo na ya karibuni. Baadhi ya tovuti huweka alama ya kuuliza kando ya namba ambayo haijatulia, jambo la kiungwana. Anayeanzia 800 kwingineko naye hajapunjwa: akishinda, atapanda haraka.