Orodha ya kijivu haipimi wizi

Tangu Tanzania ilipoondolewa mwezi Juni 2025 kwenye orodha ya kijivu, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, kila semina ninayohudhuria haikosi mtu wa kutangaza kwamba fedha chafu sasa zimepungua nchini. Kwa mantiki hiyohiyo, Kenya iliyoingizwa Februari 2024 ionekane imezidi kuiba. Kauli zote mbili hazina msingi, na zinapotosha sera.

Mtathmini wa viwango vya FATF hahesabu fedha zilizoibwa. Hupima mfumo: iwapo sheria zinakidhi mapendekezo 40 ya FATF, na iwapo zinafanya kazi kwa vitendo katika maeneo 11 ya matokeo. Tanzania ilikuwa na sheria ya kudhibiti fedha haramu tangu 2006, lakini hilo halikuizuia kuorodheshwa Oktoba 2022.

Hapo kwenye matokeo ndipo tunapojidanganya zaidi. Benki hupeleka serikalini taarifa za miamala shuku, yaani inayotiliwa shaka, idadi yake ikipanda tunashangilia, ilhali idadi hiyo peke yake haithibitishi lolote. Afisa wa benki anayeogopa faini ataripoti kila mteja aliyeweka fedha nyingi taslimu, na mchambuzi atazama katika miamala ya wafanyabiashara wa mahindi, huku kampuni iliyosajiliwa kwa jina la dereva wa mwenye mali ikipita bila kuguswa. Swali la msingi ni kama taarifa ilizaa uchunguzi. Kama mpelelezi aliyemkamata mbebaji wa pembe za ndovu alifuata fedha hadi kwa aliyemtuma. Na kama mali ilitaifishwa na mahakama. Rejista ya wamiliki manufaa, yaani watu wanaonufaika hasa na kampuni, nayo haina thamani ikiwa majina yanajazwa tu, bila mtu mwenye mamlaka na muda wa kuyahakiki.

Kuna jambo ambalo miongozo yetu hailisemi waziwazi: hatuna kipimo kinachokubalika na wote cha kuonyesha kwamba kutimiza masharti haya kunapunguza uhalifu wenyewe. Gharama ya kuorodheshwa inaonekana vizuri zaidi, kwani utafiti uliochapishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mtaji unaoingia nchini hupungua kwa wastani wa asilimia 7.6 ya pato la taifa. Falme za Kiarabu, ambako dhahabu nyingi ya Afrika huuzwa, ziliingia kwenye orodha Machi 2022 na kutoka Februari 2024. Anayeamini kwamba orodha hupima uchafu atueleze ni kitu gani kilichokwisha katika biashara hiyo kwa muda usiofika miaka miwili.

Kwa hiyo, mikutano ya ESAAMLG, kundi la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika la kupambana na fedha haramu, ambalo sekretarieti yake iko Dar es Salaam, iwape watafiti majalada ya kesi zilizokwisha kuamuliwa, zikiwamo zile ambazo serikali zilishindwa, kwa sababu jedwali la alama haliwezi kuonyesha ni wapi mpelelezi alipoteza njia ya fedha.