Sifuri hiyo ni ya nini? Dhana potofu kuhusu data na akili mnemba

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Safari hii ni mzee wa jumuiya ya watumia maji huko Newala, kapanda basi alfajiri kuja kwangu Mtwara mjini na madaftari manne ndani ya kiroba cha unga. Shikamoo yangu haijaitikiwa vizuri, keshayamwaga mezani. "Mwanangu, ingiza tu humo kwenye kompyuta. Si ina akili? Itajua yenyewe."

Nimeisikia kauli hiyo kwa viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kwa vijana wa asasi wenye laputopu mpya, hata kwa watu wanaoandika miradi mikubwa. Naiandikia leo ili atakayekuja wiki ijayo nimpe hii asome kwanza, kisha tuongee.

"Ingiza tu, itajua yenyewe"

Haijui. Tulifungua daftari la Machi. Kwenye safu ya lita kwa siku, kurasa mbili zilikuwa na sifuri tatu. Nikamuuliza ya kwanza, pampu iliharibika? "Aa, hapana. Maji yalitoka vizuri, ila mwandishi wetu alikwenda msibani Masasi." Na ya pili? "Hiyo ndiyo pampu ilikufa kweli." Ya tatu akacheka. "Siku hiyo ilinyesha hasa. Kila mtu alikinga kwake, nani aje kununua ndoo?"

Sifuri tatu, habari tatu. Kwa modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na data, sifuri zote tatu ni 0 tu, nayo haiwezi kumpigia mwandishi simu. Ukiifundisha kwa daftari hilo itahesabu msiba wa Masasi kama pampu iliyokufa.

Msidhani haya ni ya madaftari ya kijijini tu. Zipo data maarufu za vituo vya maji vya Tanzania, nyingi zilikusanywa kati ya 2011 na 2013, zikatoka kwa jukwaa liitwalo Taarifa na Wizara ya Maji, kisha DrivenData, tovuti ya mashindano ya data, wakazifanyia shindano la mtandaoni liitwalo Pump it Up. Wanafunzi wa sayansi ya data dunia nzima wamejifunzia humo: bashiri kituo kipi kinafanya kazi, kipi kimekufa, kipi kinahitaji matengenezo. Data za kufundishia zina vituo 59,400, vya kwetu Lindi na Mtwara vikiwemo. Nenda kwenye safu ya mwaka wa kujengwa. Zaidi ya vituo 20,000 vimeandikwa 0. Yaani zaidi ya theluthi ya vituo vilichimbwa kabla ya Nabii Isa.

Anayeona haraka husema, "Basi tupige wastani." Haya, piga. Visima vinne: kimoja cha 2004, kimoja cha 2010, viwili vina 0. Wastani ni mwaka 1003 na nusu, karibu miaka mia tano kabla Vasco da Gama hajaiona pwani hii. Kompyuta haitashtuka wala kucheka, itaendelea na hesabu.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Sifuri zile hazikutawanyika ovyo, zimerundikana katika baadhi ya mikoa, kwa namna kazi ilivyofanyika huko. Kwa hiyo modeli ikiegemea safu ile, inachojifunza kwa sehemu kubwa ni nani alijaza fomu. Halafu tunaipeleka kijijini ikaamue fundi aanze wapi.

"Lakini programu za siku hizi si zinajaza mapengo zenyewe?" Zinajaza, ndiyo. Zinaangalia majirani na kukisia. Ukitaka picha ya mkoa mzima, makisio yanaweza kufaa. Ukitaka kujua kisima cha mzee huyu kipewe spea au kisubiri mwaka ujao, hapo unamhukumu kwa maji ya jirani yake.

Dawa yangu ni ya kizamani na wateja wamechoka kuisikia: kalamu nyekundu. Usipopima, usiandike 0. Piga mstari mwekundu kwenye kisanduku kile cha daftari, na pembeni andika neno moja: msiba, mvua, dizeli. Sifuri iandikwe tu pale mtu alipokwenda, akaangalia, akakuta hakuna. Hiyo kalamu imenisaidia kuliko kozi mbili nilizolipia kwa dola.

"Imepatia asilimia kubwa, basi ni nzuri"

Turudi kwenye data zilezile. Vituo vinavyofanya kazi ni kama asilimia 54. Mimi nikilala nikajibu "kinafanya kazi" kwa kila kituo, nimeshapata 54 bila kompyuta. Vinavyohitaji matengenezo ni kama asilimia 7 tu, na ndivyo modeli huvikosa zaidi, kwa sababu ni vichache na vinafanana na vizima. Ilhali hivyo ndivyo fundi angeviokoa kwa kubadilisha vali au kipete cha mpira kabla havijafa. Mtu akikuletea asilimia moja nzuri, mwambie aivunje kwa makundi. Akisitasita, usisaini.

"Bila intaneti hakuna akili mnemba"

Wanaosema hivi wameona ChatGPT tu. Nuru, programu ya simu ya mradi wa kilimo uitwao PlantVillage, inachunguza majani ya muhogo kwa kamera ya simu hata pasipo mtandao, maana modeli imo ndani ya simu. Inatambua dalili za magonjwa mawili ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia; huu wa pili uliandikwa kwa mara ya kwanza miaka ya 1930 hapahapa Tanganyika. Ila inasoma jani. Mizizi inayooza chini haioni, na kwa michirizi mara nyingi hasara iko huko. Bwana shamba bado ana kazi, na jembe lake pia.

"Tumefuta majina, hakuna siri tena"

Orodha ya kijiji chenye kaya themanini: mjane, miaka 34, watoto mapacha, anatumia dawa fulani. Jina la nini? Muuza genge atakutajia kabla hujamaliza kusoma. Na sheria ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na habari za afya imezitaja miongoni mwa taarifa nyeti. Kutuma faili la aina hiyo kwenye grupu la WhatsApp ili "wataalamu waangalie" ni kosa, hata ukiwa na nia njema.

"Kompyuta haina upendeleo"

Umefanya utafiti kwa simu, ukawasikia wenye simu tu, na kompyuta inajifunza kwa hao hao. Basi.

Mzee aliondoka na kalamu mbili, moja akasema ni ya mwandishi, nyingine ya akiba. Kesho yake akanipigia, sauti ya mtu aliyeninasa. "Mwanangu, pampu imefanya kazi asubuhi, saa sita dizeli ikaisha. Naandika nyeusi au nyekundu?"

Nikanyamaza kidogo.

"Lita ulizouza andika kwa nyeusi, mzee wangu. Halafu saa uliyozima, kwa nyekundu."

"Kwa hiyo nichore safu nyingine."

"Chora."