Solenoidi ya tabo: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Subaru ya tabo (turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa zaidi) ikianza kuchoka kwenye vilima vya kati ya Chake Chake na Wete, hapa Pemba, mwenye gari huambiwa tabo imekufa, aagize nyengine. Kabla hajatoa fedha zote hizo, itazamwe solenoidi ya msukumo, yaani ya presha ya hewa inayotolewa na tabo. Ni kidude kidogo chenye koili (waya uliozungushwa, ukipata umeme huvuta kama sumaku) na njia mbili au tatu za hewa, kinachofunguka na kujifunga mara nyingi kwa sekunde kwa amri ya kompyuta ya gari. Ndicho kinachoamua presha gani ifike westigeti, ile vali inayopitisha moshi wa ekzosi pembeni ili tabo isizunguke kupita kiasi. Njia zake zikishikwa na mafuta na vumbi, msukumo hushuka au huyumba.

Wapo wanaoamini kuwa solenoidi ikikosa umeme tabo itapuliza mpaka injini ipasuke. Kwenye gari nyingi za petroli ni kinyume: presha huenda westigeti, inafunguka mapema, gari inakuwa nzito tu. Cha kuogopwa hasa ni mpira unaokwenda westigeti kuchomoka au kupasuka, kwa sababu hapo vali haipati presha ya kuifungua. Basi mipira ikaguliwe kwanza, na ipigwe picha kabla ya kuchomolewa. Ukibadilisha nafasi zake umetengeneza ugonjwa mpya.

Na hapa nawaomba mafundi wetu. Kwenye Subaru nyingi, ndani ya mpira mmoja mna kipande kidogo chenye tundu jembamba. Mafundi wengine hukitoa wakidhani ni uchafu ulioziba. Sicho! Kimewekwa kupunguza hewa inayopita, ili solenoidi iweze kuipunguza presha ya westigeti. Kikitupwa, solenoidi inazidiwa, msukumo unashuka, na lawama inairudia tabo.

"Osha kwa petroli." Hapana. Petroli na dawa ya kabureta huweza kuharibu plastiki na mipira ya ndani. Tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, geuza geuza mpaka itoke safi, iache ikauke kabisa. Usitie mafuta wala grisi, vumbi litanasa upya.

"Ikilia tak ni nzima." Mlio unathibitisha koili inavuta, hauthibitishi kuwa hewa inapita. Puliza kwa mdomo ikiwa na umeme na ikiwa haina, usikie tofauti.

Mashine ya kupimia gari ikisoma kodi (namba ya hitilafu) P0243, kuosha njia za hewa hakusaidii: hiyo ni hitilafu ya umeme wa solenoidi. Pima koili kwa mita, kisha fungua soketi. Kwa hewa yetu ya chumvi, pini hupata kutu ya kijani.

Na solenoidi ikijaa mafuta tena baada ya muda mfupi, fundi atazame vali inayopumulia injini, maana mvuke wa mafuta hupitia huko kuingia kwenye njia ya hewa.