“Kila wakati”, hata mwaka wa korosho mbaya

Kanisani kwetu, huku upande wa Masasi, nikisema “Mungu ni mwema” naitikiwa “kila wakati”. Nimekaa huku miaka ya kutosha kujua kwamba sauti ya hiyo “kila wakati” hupanda na kushuka na bei ya mnada. Oktoba, korosho zikianza kuuzwa vizuri, bati linatikisika. Mwaka ambao ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, umekula maua, au fedha za AMCOS, chama chetu cha ushirika cha mazao, zimechelewa, huitikia kwaya na watoto tu.

Juzi amekuja mama mmoja, akakaa kwenye benchi nje kwangu akikunjakunja pindo la kitenge. Shamba lilikuwa limempa gunia mbili, na mjukuu alikuwa anaumwa. “Padre, nimemkosea nini Mungu?” Wenzake wa kikundi cha maombi walimwambia atafute dhambi iliyojificha. Wiki mbili alikuwa akiyapeta maisha yake kama mchele, mpaka akafika kwenye muhogo aliochimba shambani kwa mjomba wake akiwa mtoto. (Hayakuwa maungamo, na ameniruhusu kusimulia.)

Nimechoka na dhana hii: kwamba ukiwa sawa na Mungu mambo yananyooka, na yakipinda basi una dhambi au imani yako haba. Wanaoihubiri wanajiona wanamtetea Mungu. Rafiki zake Ayubu nao walijiona hivyo, wakahubiri sura kwa sura, na mwishoni Mungu akamwambia Elifazi, mmoja wao, kwamba hawakunena yaliyo sawa. Bwana wetu naye alipopashwa habari za watu waliouawa, akaongeza mwenyewe habari za wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu: je, walikuwa wakosaji kuliko wenzao? Jibu lake kwa swali hilo: “Sivyo.” Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, nilimsikia mtu akieleza dhambi za watu wa Lindi kana kwamba amezihesabu. Nilimpa Luka 13, hiyo hiyo ya mnara, asome. Hajanirudia.

Halafu kuna Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani, iliyobandikwa kwenye kuta za nusu ya nyumba ninazotembelea. Ni mstari mzuri. Lakini panda mstari mmoja tu juu yake: waliokuwa wanaandikiwa wako uhamishoni Babeli, na wanaambiwa wasubiri miaka sabini. Wengi wao walizikwa huko huko. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya msimu ujao. Ndiyo maana kila siku nawasumbua watu wangu: usisome mstari, soma sura.

Sasa wema wa Mungu tuupimie wapi? Paulo anaupimia msalabani: Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Kipimo hicho kilikamilika kabla hujapanda mkorosho hata mmoja, na mnada haukigusi. Habakuki alilielewa hilo mapema. Anataja mtini usiochanua, mzeituni uliokosa zao, zizi lisilo na kondoo, kisha anasema atamfurahia Bwana. Nikiisoma kwetu naweka mkorosho mahali pa mtini, na hapo hata wazee wa nyuma huinua vichwa.

Mengine sina subira nayo. Eti kwenda hospitali ni kumtilia Mungu shaka: wamisionari wa Kibenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906 walileta sala na matibabu pamoja, na Paulo mwenyewe alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Eti sadaka ni mbegu, ukitoa elfu kumi unavuna laki: hiyo ni biashara, kaifanyie sokoni. Eti anayemtumaini Mungu hapulizii salfa, dawa ya ubwiri unga: huyo ninamjua, na mikorosho yake pia naijua.

Na eti Mkristo halii. Hili ndilo lililokuwa limemkaba yule mama. Alijizuia mbele ya wenzake asionekane amemwacha Mungu. Sikumpa mahubiri. Nilimfungulia Zaburi ya 13, mistari sita tu, nikamwachia asome mwenyewe kwa sauti: “Ee Bwana, hata lini utanisahau?” Alikwama hapo hapo, akanitazama.

“Padre, hii nayo imo?”

“Imo, mama.”

Akaifunika Biblia, akaangalia jalada kama anahakikisha ni yenyewe, akaifungua tena. Alifika mwisho, pale Daudi anaposema ameutumainia wema wa Bwana, lakini hakukaa hapo. Alirudi juu, kwenye “hata lini”, akaisoma upya, safari hii machozi yakimtiririka. Mimi nikaingia ndani kuchukua namba ya bwana shamba, maana ubwiri unga nao unataka mtu wake.